Siku Mashine ya Kikwe Ilipokataa Cheti

Siku naagwa kazini, kwa soda na keki iliyokatwa vipande vidogo mno, vijana wa chumba cha kompyuta waliniomba niwaandikie mambo niliyoyaona. Nikawaambia shule yangu ni darasa la saba na kozi ya kutengeneza redio, mtanicheka. Wakasema tutacheka, lakini andika. Basi naandika. Pale nitakapokumbuka vibaya, muulizeni mhandisi Shirima. Yeye bado yuko, na kichwa chake kinatunza mambo kuliko changu.

Nilianza na redio za upepo, zile za kupigiana toka kituo cha mazao mpaka kituo kingine. Enzi hizo mazao yalinunuliwa na ushirika peke yake. Redio ikifa kituo cha Akheri, nilipanda na begi la vyuma, nikakaa chini kwenye gunia, nikachomea. Kisha soko likafunguliwa. Kila mwenye mizani na turubai akawa mnunuzi, na ushirika ukachoka mpaka redio zake zikakosa hata mtu wa kuzipigia. Wapo wanaosema soko huria lilitunyonga, wapo wanaosema lilituvua kamba. Mimi niliyaona yote mawili kwenye barabara moja, kwa hiyo sina la kuongeza.

Kampuni iliyonichukua ilikuwa ya kununua mboga kwa wakulima wa chini ya Mlima Meru na kuzipeleka Ulaya kwa ndege, hasa maharage mabichi, yale membamba yanayopimwa urefu kana kwamba yanakwenda jeshini. Ofisi ilikuwa mjini Arusha. Mimi nilikuwa nimepanga Engutoto, natembea kwa miguu mpaka kazini, na siku ya kwanza nilifika viatu vimejaa vumbi. Shirima akanitazama viatu, akanipa kitambaa na bisibisi. Nikadhani kitambaa ni cha viatu. Kumbe ni cha kufutia mashine ndani. Akasema kompyuta nyingi za hapa zinakufa kwa vumbi kabla hazijapata nafasi ya kufa kwa ugonjwa mwingine. Wiki ile yote nilifungua mashine na kufuta. Sikugusa kibodi hata moja, na moyoni nilifurahi, maana niliiogopa.

Shirima ni mtu wa Marangu, amesoma mpaka nje, na anaongea polepole kama anayepima dawa. Alinifundisha kwa njia moja tu. Mashine ikiandika kitu kwenye kioo, nilitakiwa nikisome kwa sauti, chote, hata nisichokielewa. Nikisema tu "imegoma," alikuwa anageuka na kuendelea na kazi yake. Nikisoma, alisikiliza. Ndiyo maana nilinunua kamusi ya Kiingereza pale stendi, ikakosa jalada ndani ya mwaka kwa kufunguliwa. Mpaka leo sijui kama alinifundisha vile kwa sababu aliniamini au kwa sababu alikuwa amechoka kukimbia huku na huko. Nadhani ni yote.

Sasa niseme habari ya vyeti, maana ndiyo kazi niliyoifanya muda mrefu kuliko nyingine, na ndiyo wengi wenu mnaidharau siku hizi kwa kuwa mashine zinajifanyia zenyewe.

Pale mjini palikuwa na seva, mashine kubwa iliyohifadhi databesi: majina ya wakulima, namba za mashamba, dawa gani ilipulizwa na lini. Huko vijijini kila banda la kufungashia lilikuwa na kompyuta moja. Ndani ya kompyuta hiyo kulikuwa na programu ndogo inayoitwa draiva, kazi yake ni kupiga hodi kwenye databesi na kuchukua majibu. Draiva haijui sura ya mtu. Inajua karatasi. Ukihamia mtaa mpya, balozi wa nyumba kumi anataka barua ya utambulisho yenye muhuri anaoujua. Cheti ni barua hiyo. Seva inapokea hodi, inaonyesha cheti chake, na draiva inalinganisha na nakala iliyowekwa kwenye kompyuta ya banda. Vikifanana na muda wake ukiwa haujapita, mlango unafunguliwa. Cheti chetu Shirima alikitengeneza mwenyewe, kikakaa mwaka mmoja, kisha kingine. Kila mwaka mimi nilizunguka na disketi kwa pikipiki, banda hadi banda, kuweka nakala mpya.

Na kulikuwa na kiboksi. Kwenye mipangilio ya draiva, chini kabisa, palikuwa na kiboksi kidogo kilichosema kwa Kiingereza kwamba iamini seva yoyote. Ukikiwekea tiki, ukaguzi unakufa, mlango unakuwa wazi kwa yeyote anayejiita seva. Mafundi wengi walipenda kiboksi kile. Kiliwarudisha nyumbani mapema.

Kwa nini tusikipende na sisi? Mwaka mmoja kabla ya habari ninayotaka kuieleza, fundi wa kuajiriwa kwa siku alikitia tiki kwenye banda la Kikwe, akaenda zake. Laini yetu ilipita kwa redio ya intaneti ya kukodi, na katikati pale mtu akaweka kompyuta iliyojifanya seva yetu. Kwa majuma kadhaa maharage yaliyopita banda la Kikwe yalipewa namba za mashamba ambako hayakutoka. Mnunuzi wa Ulaya akapima, akakuta dawa iliyokatazwa, akaja na namba mkononi, na namba zikawaonyesha watu ambao hawajawahi hata kuishika dawa ile. Mzigo wote ukatupwa. Wakulima wa Kikwe wakapewa onyo la mwisho: wakikosa kupeleka mzigo mara moja tu, au ukienda na namba zisizoaminika, mkataba unahamia wilaya nyingine. Walijitetea, na hawakuwa na kosa, lakini onyo lilibaki. Nani aliweka kompyuta ile sikuwahi kujua, na yule fundi simtaji, maana hakutaka ubaya. Alitaka kwenda nyumbani.

Sasa siku yenyewe.

Cheti cha zamani kilikuwa kinakufa jioni ile. Tulitaka kukibadilisha wiki iliyotangulia, ila mgao wa umeme ulikuwa umetukalia shingoni na seva ilizimwa zaidi kuliko ilivyowashwa. Kwa hiyo Shirima alitoa cheti kipya asubuhi hiyohiyo, akakiweka kwenye seva, akanipa disketi mbili zenye nakala ileile, ya pili ikiwa ya akiba. Akasema kuanzia sasa hakuna banda linaloweza kuingia mpaka ufike. Nikawasha pikipiki.

Akheri nilimaliza haraka. Nikaweka nakala, nikafungua programu, draiva ikapiga hodi, ikakaribishwa. Wakanipa kikombe cha loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa ya mgando, nikakinywa nimesimama. Nilianza kujiona mtu wa maana, na kwa kawaida nikianza kujiona hivyo huwa kuna jambo linakuja.

Kikwe nilifika saa nane mchana. Maharage yalikuwa yameshachambuliwa na kupangwa kwenye kreti, kreti zimepandana mpaka usawa wa kifua, na lori la baridi lilikuwa limerudi kinyumenyume mlangoni, linanguruma. Lori lilitakiwa kuondoka saa kumi kuwahi ndege. Kreti bila lebo haipandi, na lebo haichapwi bila namba kutoka kwenye databesi. Akina mama wa kuchambua walikuwa wamekaa ukutani, mikono juu ya magoti. Hawakuongea. Banda la akina mama wasioongea sijalizoea.

Karani wa banda aliitwa Mama Eliamani, mwanamke wa Kimeru aliyenizidi umri kidogo, mkulima kama wengine, aliyechaguliwa na kikundi kwa kuwa haibi na haogopi mashine. Nikamsalimia shikamoo, akaitikia marahaba baba, akanisogezea kiti. Nikaweka disketi. Nikanakili cheti. Nikafungua programu.

Ikakataa.

Nikasoma kwa sauti, kama nilivyofundishwa. Ilisema mawasiliano salama hayawezi kuanzishwa kwa sababu cheti cha seva hakikubaliki. Haikusema kwa nini. Nikafuta nakala, nikaweka upya. Ikakataa. Nikachukua disketi ya pili. Ikakataa. Nikalinganisha toleo la draiva na lile la Akheri nililokuwa nimeliandika kiganjani. Ni lilelile. Nikazima mashine, nikawasha, na ilipowaka ikalalamika kama kawaida yake kwamba haijui tarehe wala saa, maana ile betri ndogo ya ndani, yenye umbo la kifungo cha koti, ilikuwa imekufa siku nyingi. Mama Eliamani akainama mbele yangu, akaandika tarehe na saa kwa kidole kimoja, haraka, kama mtu anayefunga kamba ya kiatu. Alikuwa anafanya hivyo kila umeme ukikatika. Nikatazama pembeni ya kioo: tarehe ni ya leo. Saa nayo nikaiona. Nikaendelea.

Hapo ndipo jasho lilianza, maana wazo lililobaki lilikuwa baya. Kama cheti ni kizima, disketi ni nzima na draiva ni nzima, basi labda anayejibu hodi siyo seva yetu. Labda yule mtu amerudi.

Nikampigia Shirima. Vocha niliyokuwa nayo haikuwa ya kuongelea maisha, nikaongea mbio. Akauliza maswali yake polepole, mpaka nikatamani kumkata. Tarehe ya mashine? Ya leo. Mwaka? Sawa. Saa inasoma ngapi? Nikamwambia saa nane na nusu na kidogo. Akasema sawa. Akaniambia anakagua upande wake, nisikate tamaa, kisha akasema kama ikifika dakika ya mwisho na hakuna njia, yeye yuko mbali, mimi ndiye nipo pale, uamuzi ni wangu.

Mtu aliyesoma anapokuachia uamuzi, unaweza kuona ni heshima. Mimi niliona ni mzigo. Namtendea haki nikisema kwamba angenikataza, wakulima wangepotea kwa neno lake, na angeniruhusu, vilevile. Asingeweza kusema zaidi.

Dereva wa lori, kijana mmoja aitwaye Massawe, akaingia akipangusa mikono. Alikuwa mcheshi, ila siku ile ucheshi wake ulikuwa na miiba.

"Fundi, kule banda la kampuni nyingine mwenzako anaweka tiki mahali, kazi inaendelea. Wewe tiki yako ni ya kulipia?"

Akina mama wakainua vichwa. Nikamwambia tiki hiyo ndiyo iliyowapa watu hawa onyo.

"Na lori likiondoka tupu ni onyo la nini? Ni kwaheri, bwana. Mimi saa kumi natoa breki. Ndege haina mjomba hapa Kikwe."

Alikuwa na haki. Naandika hivyo kwa sababu baadaye watu walimsema vibaya, na hawakumtendea haki. Angechelewa, mizigo ya mabanda mengine, yaliyochapa lebo zao alfajiri kabla cheti hakijabadilishwa, ingeharibika ndani ya lori, na wale nao wana watoto.

Nikafungua mipangilio ya draiva. Nikashuka mpaka chini. Kiboksi kile kilikuwa pale, kitupu, kinaningoja. Nikasogeza kishale mpaka juu yake. Mama Eliamani alikuwa nyuma ya bega langu, nasikia pumzi yake.

Akauliza, kwa sauti ya chini, "Ukiweka, wataandika tena namba za uongo?"

Nikamjibu sijui. Huenda ni seva yetu kabisa na hakutatokea lolote. Huenda siyo.

"Na usipoweka?"

Nikamjibu hilo analijua.

Kisha akasema, "Mwaka jana walikuja na namba yangu mimi. Namba ya shamba langu. Wakasema mama, wewe umepulizia sumu. Baba Eliamani alikuwa hai bado. Alikaa siku ngapi hasemi na mtu. Mimi nakuomba, baba, kama hujui, usiweke. Twende hivihivi tukose, lakini tukose sisi wenyewe."

Sijui kama mwingine angesema vile. Wenzake ukutani walimsikia, na wawili watatu walinung'unika kwa Kimeru. Nilielewa, maana ni lugha yangu. Walisema asiwasemee. Nao walikuwa na haki. Maharage yalikuwa ya wote.

Nikaondoa kishale pale. Sikuondoa kwa ujasiri, niliondoa kwa sababu niliogopa kubonyeza kwa bahati mbaya. Nikafunga mipangilio. Nikasema ngoja nikisome cheti chenyewe, ndani, neno kwa neno, kama barua. Nilikuwa sijawahi kufanya hivyo. Miaka yote nilivibeba tu vyeti kama tarishi anavyobeba bahasha.

Nikakifungua. Jina la seva, sahihi. Aliyetoa, sahihi. Msururu mrefu wa tarakimu, nikampigia Shirima akalinganisha na wake, zikafanana moja baada ya nyingine, na vocha ikawa inayeyuka. Kwa hiyo cheti ni chetu. Nikaendelea kushuka. Kinaisha lini: mwaka ujao. Kinaanza lini: leo, na mbele ya tarehe palikuwa na saa. 11:04.

Nikamuuliza Shirima kwa adabu, maana ni mkubwa wangu, mbona cheti amekipa kianze saa kumi na moja jioni wakati lori linaondoka saa kumi.

Akasema hapana, hakukipa saa yoyote, kinaanza dakika kilipotengenezwa, na alikitengeneza asubuhi akinywa chai. Saa tano.

Nikamwambia hapa kimeandikwa kumi na moja.

"Ndiyo, Mbise. Kumi na moja ya mashine ndiyo saa tano yetu. Mashine inahesabu toka usiku wa manane."

Nikasema najua, naomba radhi, nimechanganyikiwa. Na nilijua kweli. Kila mtu anayefanya kazi na mashine anajua, kichwa kinageuza chenyewe. Nilikuwa nakaribia kukata simu kwa aibu, yeye akaniita tena.

"Hebu nisomee saa ya mashine yako. Usinitafsirie. Soma alama zilizopo, moja moja."

Nikasoma. Tisa. Nukta mbili. Mbili. Sita. Kisha herufi A. Kisha M.

Nikainua macho, nikatazama mlangoni.

Nje jua lilikuwa limeshapinda. Ilikuwa saa tisa na dakika zake, alasiri, kila mtu bandani alijua hivyo, na mashine ilionyesha tisa na dakika zake. Nilikuwa nimeitazama tangu nimefika. Nane, nane na nusu, tisa. Kila mara niliiona ikilingana na tumbo langu na kivuli cha mlangoni, nikaridhika. Lakini kwa hesabu ya mashine tisa ile ilikuwa ya asubuhi. Mashine ilikuwa inaishi saa sita nyuma yetu. Kwake ilikuwa bado saa tatu, na mimi nilikuwa naipa barua ambayo muhuri wake utagongwa saa tano. Ilifanya kazi yake sawasawa. Ilikataa barua isiyoandikwa bado.

Nikageuka. "Mama, saa unaiweka kwa kufuata nini?"

Akaninyooshea mkono. Alikuwa na saa ya kike, kioo kimekwaruzika, na mkono mfupi ulikuwa juu ya tisa. Akasema ile saa alipewa na baba yake, na baba yake alimfundisha kuiweka hivyo, mkono uonyeshe saa inayotamkwa, maana saa inayosema tatu wakati watu wanasema tisa ni ya kuchekesha. Kila Jumapili aliilinganisha na kengele ya kanisa. Akauliza, "Inadanganya?"

Nikamwambia haidanganyi. Na kweli haikudanganya. Miezi yote ile cheti kilikuwa na mwaka mzima wa nafasi, saa sita nyuma hazikumdhuru mtu. Zilidhuru siku moja tu katika mwaka, siku cheti kinapozaliwa, na siku hiyo ikaangukia siku ya mzigo.

Nikabadilisha saa. Nikafungua programu. Draiva ikapiga hodi, ikakaribishwa, na majina ya wakulima wa Kikwe yakashuka kwenye kioo kama watu wanaotoka ibadani.

Hakuna aliyeshangilia. Akina mama waliinuka tu, wote kwa pamoja, na kazi ikaanza. Printa yetu ya lebo ilikuwa ya sindano, ile inayokwaruza kama kuku, lebo moja moja. Mama Eliamani aliita majina, mimi nikachapa, wengine wakabandika, wengine wakapakia. Massawe, aliyekuwa akinitania, alivua shati akabeba kreti naye. Saa kumi ikafika. Akatazama nje, akajifanya hajui ni saa ngapi, akasema tuendelee. Ikapita tena kidogo. Akawasha injini akiwa bado amebeba kreti, akampa mwingine, akapanda.

Zilikuwa zimebaki kreti chache pembeni, hazina lebo. Nikasema ngoja, jina la nani hizi? Mama Eliamani akasema twende, funga mlango. Nikatazama kwenye kioo majina yaliyokuwa hayajachapwa. Lilikuwa moja. Alikuwa ameita majina ya wote na kuliruka lake kila alipolifikia, akalisogeza mwisho, asije akasemwa kuwa karani amejitanguliza. Lori likatoka. Kikundi kilikuwa kimepeleka mzigo, namba zote za kweli, na onyo halikutimia. Za kwake zilibaki bandani.

Wale waliomnung'unikia walimzunguka. Sikusikia walichosema, na nadhani halikuwa la kwangu kusikia.

Kesho yake niliitwa kuandika taarifa. Meneja alitaka mstari mmoja: sababu, na jina. Akanisaidia hata, akasema andika karani aliweka saa vibaya, atafutwe mwingine mwenye shule. Nilikaa na karatasi ile asubuhi nzima. Kuandika kuwa ni betri tu kungekuwa ukweli nusu, na sikutaka kumwokoa mtu kwa nusu, maana nusu hugundulika. Mwishowe niliandika hivi. Betri imekufa, na banda lilishaomba nyingine. Karani aliweka saa sahihi kwa hesabu anayoitumia yeye, mimi, na kila mtu aliyekuwepo. Hakuna aliyewahi kumwambia mashine inaanzia usiku wa manane, kwa sababu sote tulidhani anajua. Fundi aliitazama saa hiyo tangu alipofika, hakuona kitu. Mahali pa jina niliacha wazi, nikampelekea Shirima asaini, nikijua anaweza kunirudishia.

Alisoma polepole. Akatoa kalamu, akaongeza mstari chini ya wangu: na mhandisi aliuliza saa, akajibiwa, akaridhika. Akasaini. Meneja aliisoma, akaitazama saini ile, akafunga faili.

Mama Eliamani alibaki kwenye kiti chake mpaka banda lilipofungwa miaka mingi baadaye, kwa sababu nyingine kabisa. Nilimpelekea betri mwenyewe wiki ileile, na tangu hapo kila cheti kipya tulikitoa siku moja kabla ya kukisambaza. Ninyi mnaofanya hivyo leo bila kujua kwa nini, ndiyo sababu.

Lakini nirudi jioni ile, kabla sijaondoka Kikwe. Nilikuwa nafunga begi pale alipokuja na mfuko, amejaza maharage kutoka kreti zake, membamba, yamelingana, mazuri kuliko yote yaliyopanda lori. Nikamwambia siwezi, mama, haya ni jasho lako.

"Beba, baba. Ng'ombe wangu hawatayamaliza."

Nikayafunga nyuma ya pikipiki. Nyumbani mke wangu aliyapika na viazi, akauliza nimeyatoa wapi, siku hizi tunakula chakula cha Wazungu. Nilikula, nikaongeza, nikala tena, na sikuacha hata moja sahanini.